Sikonge Usipande

Wenzangu wa barazani, mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu kipande. Matokeo yake mtaani kwetu Ng'ambo kuna safari tano tofauti zinazotembea, na katika mojawapo nimeambiwa nililiwa na fisi. Afadhali niandike yote mara moja, mpokezane karatasi hizi hapo kwa fundi Idi, na mkimaliza mnirudishie bila alama za kahawa. Sitaficha kitu, maana aibu yenyewe imeshafika hadi mtaa wa Chemchem.

Ng'ambo: simu ya maneno manne

Asiyeijua kesi hii tangu mwanzo nimwanzie kwenye chungu. Miaka tisa iliyopita Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha elimu ya mimea hapa Tabora alikuja kuniaga. Alikuwa mteja wangu, akinunua kamba ninazosokota. Alinipa kimmea kwenye chungu, majani ya kijivu yamejifunga kama kabichi, na kila jani lina mwiba mweusi nchani. Akasema kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta, "Masudi, huu ni mkonge mdogo."

Hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Mtu akikwambia huyu ni mtoto mdogo, wewe unafanya nini? Unangoja akue. Nikangoja. Fikiria msokota kamba anayeagiza nyuzi kutoka Tanga kwa treni, halafu amepata mkonge wake mwenyewe uani! Niliupa maji asubuhi na jioni. Baridi ya mwezi wa saba ilipoanza kuuma, niliuingiza chumbani na kuuvisha kanga ya mke wangu Zuwena. Zuwena hakusema neno mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akaanza kuuliza kila asubuhi, "Mke mwenzangu ameamkaje?"

Miaka tisa ikapita na mmea haukunifika hata kwenye goti. Ulichojua ni kuzaa tu. Vichipukizi vilitokea pembeni, navyo nikavitia kwenye makopo ya maziwa, mpaka yakafika makopo arobaini. Nilisimulia habari za makopo hayo kila nilipokaa. Ninyi mnajua mdomo wangu.

Mdomo huo ulimfikia dada yangu Tatu. Tatu ni mkubwa wangu, mjane. Mumewe, shemeji Athumani, alifariki na kuzikwa kwenye makazi yao ya zamani, na haukupita mwaka watu wote wa kule wakahamia kijiji kipya cha Amkeni, kilichokusanya watu wa pande nyingi, mwendo wa nusu siku kutoka stesheni ya Urambo. Pale alikuwa mgeni miongoni mwa wageni. Kwenye mkutano wa kuchagua zao la shamba la pamoja alisimama akasema ndugu yake wa Tabora ana mkonge na atawapa mbegu. Watu wakaguna, kisha wakakubali, wakafyeka ekari mbili ili mmea uzaliane humo. Alikuja mwenyewe kuyachukua makopo.

"Masudi," aliniambia stesheni, makopo yamemzunguka kama vifaranga, "pale hawanijui mimi ni nani. Jina langu lote nimeliweka humu. Una hakika?"

"Dada," nikasema, "kama ninavyokuona."

Treni ilipoondoka hakika yote ikaondoka nayo. Nilirudi nyumbani nikautazama mmea mama, ukanitazama. Wiki ile ile nikamwandikia bwana mmoja mtaalamu wa mkonge huko Tanga, nikamweleza kila kitu, hadi maji na kanga. Nikamtilia jani ndani ya bahasha. Nikamwuliza mambo mawili: mkonge wangu mbona haukui, na niupande wapi? Nikamwomba, kama ni haraka, anipigie simu ya maandishi, kwa sababu mvua zikianza tu watu wa Amkeni watapanda.

Simu ilinifikia hapo hapo barazani, asubuhi, kitumbua kikiwa mkononi. Niliifungua kwa vidole vile vile. Ilisomeka: SIKONGE USIPANDE BARUA YAFUATA.

Ninyi mlikuwapo, msijifanye mlikuwa sokoni. Niliuliza niupande wapi, jibu likawa Sikonge. Vizuri. Lakini mbona tena asema usipande? Idi aliacha cherehani yake akafikiri, kisha akatoa hukumu: "Kama hataki upande mmea, Sikonge uende kufanya nini, kuota jua? Anasema usipande gari! Mmea kama huo hauwezi mtikisiko." Sote tukaona hiyo ndiyo akili. Na barua yafuata? Ikasemwa, na sitamtaja aliyesema, kwamba barua itanifuata huko huko Sikonge, na mtaalamu pengine yuko njiani kuja kunipokea.

Zuwena alikuwa akipepeta mchele. Alisema bila kuinua kichwa, "Mimi nilidhani barua ikifuata, mtu huisubiri."

Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mimi.

Barabara ya kusini: mrithi wa wapagazi

Kutoka Tabora hadi Sikonge kwa miguu ni siku tatu kwa mtu mwenye magoti, na kwangu mimi ni siku tatu na manung'uniko. Niliondoka alfajiri, chungu kichwani juu ya kata ya nguo, simu mfukoni, matobolwa ya Zuwena kwenye mkoba. Viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa ni chakula cha safari kweli kweli: ukitafuna kimoja huna haja ya kuzungumza hadi mchana.

Nilianza kwa majivuno. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani na kurudi na nguo, na njia hii ya kusini ni tawi la njia zao. Kwa saa mbili za kwanza nilihisi damu ya babu ikitembea mwilini. Saa ya tatu nilihisi chungu. Babu alibeba pembe nzima na kuimba. Mimi nilibeba kabichi yenye miiba na kuhema, na kila nilipojikwaa jani moja lilinichoma sikio.

Mchana likaja lori kutoka nyuma, tupu, linakwenda kufuata nta na asali Sikonge. Dereva, kijana wa watu aitwaye Sefu, akasimama.

"Shikamoo mzee. Panda twende!"

"Marahaba. Ahsante, nimekatazwa kupanda."

"Na nani?"

"Na mtaalamu."

Alinitazama, akautazama mmea, akaondoka polepole kama mtu anayepita msibani.

Jua lilipokaribia kutua nilifika kwenye nyumba moja kando ya njia, nikamkuta mama wa makamo akitwanga. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, ingawa ilikuwa jioni na salamu ile ni ya asubuhi. Kinyamwezi changu ni cha mjini, kimebaki na salamu moja tu. Alicheka akanikaribisha. Akanipa ugali wa mtama na nsansa, majani yale makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, nikala hadi nikasahau masikio. Ndipo akanyoosha kidole kwenye chungu.

"Huo unatibu nini, baba?"

"Hautibu. Ni wa kamba."

"Kamba za nini?"

"Za kufungia."

"Kufunga... watu?"

"Watu, mizigo, tumbaku, yeyote anayehitaji," nikajibu kwa fahari ya kazi yangu. "Watu wanatoka mbali kuja kwangu kununua, na nikishafunga mimi hakifunguki."

Nilishangaa aliponiondolea sahani kwa heshima kubwa mno, akawaita wanawe wote ndani, na kunitandikia mkeka mbali, chini ya ghala la mahindi. Asubuhi niliondoka na mayai sita ambayo sikuyaomba, na maneno haya: "Baba, sisi hatuna ugomvi na mtu." Nilipiga hatua mia mbili nzima kabla sijaelewa kwamba nimelala pale kama mchawi anayefunga watu kwa dawa. Nilirudi kueleza. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani mtu alikuwa akiomba dua.

Siku ya pili Sefu alinikuta akirudi Tabora na shehena. Alipunguza mwendo, akatikisa kichwa, akapita. Siku ya tatu alinikuta tena, akielekea Sikonge. Safari hii alizima injini kabisa.

"Mzee, huyo mtaalamu yu hai?"

"Yu hai, yuko Tanga."

"Basi hatakuona ukipanda."

Lilikuwa neno la mtu mwenye akili. Miguu yangu ililisikia, malengelenge yalilisikia. Mimi peke yangu ndiye sikulisikia. Nikamwambia kazi ya kitaalamu haina njia ya mkato, nikaendelea kuchechemea, na wingu jeusi likawa linajikusanya upande wa magharibi, upande wa Urambo.

Sikonge: mwanafunzi wa kisomo

Nilifika Sikonge saa tisa alasiri, nikasimama katikati ya mji na chungu changu nikingoja kupokewa. Hakuna aliyekuja isipokuwa mbuzi mmoja, akanusa jani, akapata mwiba wa pua, akaenda zake. Nikauliza posta kama kuna barua yangu. Hakuna. Nikauliza kama kuna mtaalamu wa mkonge. Wakanielekeza kwa Mzee Kapaya.

Mzee Kapaya nilimkuta mbele ya nyumba yake akichonga mzinga wa nyuki. Alikuwa manamba zamani, mmoja wa wale waliochukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga, na viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba hadi leo. Moyo wangu ukatulia. Nikamwekea chungu miguuni.

"Shikamoo, mzee. Nimeuleta."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Mkonge."

Akainama, akauzunguka, akacheka kimya kimya. "Si mkonge."

"Ndiyo," nikasema, "nimetumwa hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Sikonge."

"Nakubali, si mkonge."

"Na mimi nakubali, mzee. Ndiyo maana nimetembea siku tatu."

Akaweka tezo chini. "Bwana, unanichezea? Nimekata mkonge miaka saba. Nakwambia huu si mkonge!"

"Na mimi nakwambia najua hapa ni Sikonge!"

Majirani walianza kutoka nje. Mkewe akaleta kigoda kwa haraka, ule wema anaofanyiwa mtu aliyepigwa na jua. Kwa kujitetea nikatoa simu mfukoni, nikamsomea kwa sauti ya kiongozi wa chama: "Sikonge, usipande, barua yafuata."

"Lete," akasema. "Mimi nipo kisomo cha watu wazima mwaka wa pili. Hatusomi haraka kama ninyi."

Aliiinua karatasi juani, akaweka kidole chenye kovu chini ya herufi ya kwanza. Midomo ikamtembea. "Sa... i... si." Akasimama. Palikuwa na doa la mafuta ya kitumbua changu, kubwa kama senti tano, na jua lilipopita ndani yake karatasi ikawa kama kioo. "Hapa katikati kuna kitu kimezibwa na mafuta. Mwalimu wetu anasema usiruke herufi hata kama unaijua. Hii ni ma. Ma... ka... o... Si... m... konge." Akanitazama. "Si mkonge."

Wenzangu, mimi nimesoma miaka minane. Husomea watu barua zao hapo Ng'ambo, na wengine hunishukuru kwa kuku. Nilikuwa nimeyasoma maneno manne kwa kuyakisia, na mtu aliyejifunza herufi akiwa na mvi ndiye aliyeyasoma yalivyoandikwa.

"Na usipande?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Usipande," akasema taratibu. "Lisome kama mtu aliyeshika jembe, usilisome kama mtu aliyeshika nauli."

Mara hiyo hiyo tone la kwanza lilianguka kwenye mzinga, kisha la pili, kisha mvua yote. Watu wakashangilia, kwa kuwa mvua ya kwanza ni furaha ya kila mtu. Mimi niliona ekari mbili za Amkeni, na dada yangu amepiga magoti kwenye tope akipanda jina lake, kopo moja baada ya jingine. Nilijisikia vibaya hadi nikakosa kicheko, na mnajua mimi hucheka hata nikianguka.

Mzee Kapaya hakunicheka tena. Alinilisha ugali na asali mbichi, akanifungia chupa ya asali ya kumpelekea dada, akanitafutia Sefu mwenyewe. Sefu alifungua mlango wa lori, akangoja.

"Mzee, leo unapanda?"

Nikapanda.

Tabora: barua iliyofuata

Lori lilikwama kwenye tope mara mbili, na mara zote mbili nilishuka kusukuma nikiwa na chungu kichwani, sijui kwa nini. Nilipoingia nyumbani, Zuwena alikuwa amekaa na barua mapajani. Ilikuwa imefika siku moja tu baada ya mimi kuondoka. Alikuwa amesomewa na binti wa jirani, na alikuwa amekwisha kucheka vya kutosha, akabakiza huruma kidogo kwa ajili yangu.

Mtaalamu aliandika kwa upole. Mmea huu, alisema, si mkonge wa mashamba, bali ni ndugu yake, wa jamii ndogo ambayo haikui zaidi ya hapo. Haukuwa mtoto kamwe. Ulikuwa mtu mzima mfupi. Kwao ni Meksiko, juu kabisa milimani, penye misonobari na miamba mitupu, ambako alfajiri za kipupwe umande huganda ukawa sakitu na mawe yote kuwa meupe. Huko huishi kwenye nyufa za mawe, bila udongo wa maana, bila mtu. Theluji huufunika nao hutulia tu chini yake. Nyuzi zake ni fupi, hazitoi kamba. Huchanua mara moja katika maisha yake yote, kisha hufa, na huwa umeshaacha watoto pembeni. Adui yake ni mmoja tu, maji mengi. "Kwa hiyo, ndugu," alimalizia, "kama umeupa maji mara mbili kila siku kwa miaka tisa na bado uko hai, nakupongeza kwa mmea wenye subira."

"Na kanga yangu je?" akauliza Zuwena. "Umemvisha kanga mtu aliyezaliwa kwenye barafu."

Nilioga, nikafunga malengelenge kwa matambara, nikakimbilia stesheni. Zuwena alinifuata hadi getini na matobolwa mengine. "Mwambie wifi yangu kweli yote," alisema. "Usianze na babu yako."

Treni ya Urambo: mtani

Kwenye behewa nilikaa mkabala na Mzaramo mmoja, fundi wa reli aliyekuwa akienda Kigoma. Kosa langu lilikuwa kusema jina la kabila langu kabla ya kuketi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama zile babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo, na mtani haombi ruhusa. Akaniuliza chungu ni cha nini. Nilikuwa nimechoka kujitetea, nikamsimulia.

Mngesikia behewa lile! "Jamani, njooni mwone Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Babu zao walitembea miezi mitatu kutuletea pembe, na sasa najua kwa nini. Walikuwa wametumwa hapo karibu!" Abiria wa behewa la pili wakaja kuniangalia. Akina mama waliutazama mmea, mzee mmoja akauliza kama na yeye anaweza kuuvisha kanga ya mkewe. Nilicheka nao. Kwa mtani ukinuna umeshindwa.

Baada ya Usoke treni ikasimama porini. Ikasemwa mvua imeharibu kitu mbele, ikasemwa injini, ikasemwa ng'ombe. Saa moja, saa mbili, saa nne. Mvua ilikuwa ikinyesha dirishani kwa raha zake, na kila tone lilikuwa linamwambia mtu wa Amkeni achukue jembe. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikachukua chungu.

"Unakwenda wapi?" mtani akauliza.

"Nitatembea."

Akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. "Kaa chini, ndugu yangu. Ulipotakiwa kupanda ukatembea, sasa unatakiwa kukaa unataka kushuka. Huyo dada yako anakuhitaji ufike na miguu." Akafungua kifurushi, akanipa nusu ya samaki wake wa kukaanga. Nililia kidogo, samaki mdomoni, nikamwambia ni pilipili.

Amkeni: mkutano

Nilifika Amkeni kesho yake mchana. Walikuwa wamepanda jana yake. Arobaini, kwa mistari iliyonyooka kwa kamba, kamba yangu mwenyewe, na kila kimmea kimechimbiwa kidimbwi cha kuwekea maji. Tatu alikuwa akipita katikati yao na debe. Aliponiona na chungu, na miguu yangu ilivyofungwa matambara, aliliweka debe chini.

"Sema," akasema.

Nikasema. Sikuanzia kwa babu. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga. Nilidhani atanitukana, nami ningefurahi kutukanwa. Alisema tu, "Twende kwa Mwenyekiti. Nitasema mimi, halafu wewe usome."

Kengele ikagongwa, watu wakakusanyika mbele ya ghala. Tatu akawasimulia safari yangu ya Sikonge, kisha nikaisoma barua, herufi kwa herufi kama Mzee Kapaya, bila kuruka. Nilipofika kwenye mtu mzima mfupi walicheka. Nilipofika kwenye nyuzi fupi wakaacha kucheka. Mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Tatu, wewe ulituambia mkonge. Tumefyeka ekari mbili kwa neno lako."

Mwenyekiti, Ndugu Mabula, mtu mnene wa sauti ya taratibu, akanitazama. "Kwa hiyo huu ni ndugu wa mkonge?"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Ndugu asiyefanya kazi."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti." Kila mtu aliona vizuri kwamba tunaweza kuwa tunazungumza habari zangu.

Tatu akasimama. "Ni kweli, niliwaambia mkonge," alisema. "Nilimwamini ndugu yangu, naye aliamini mdomo wake. Mngeweza kungoja mwaka mzima mkimwagilia miiba, nanyi msingejua ni kosa la nani. Mkonge sikuwaletea. Ukweli nimewaletea, na mvua bado changa."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nayo ilikuwa imelowa.

Ndipo mama yule yule wa mbele akageuka kwa wenzake. "Mtu huyu ametembea siku tatu kufuata kosa," akasema, akinionyesha miguu, "sisi tumhukumu nini zaidi? Karanga zipo ghalani, tupande kesho. Na shamba aliangalie Tatu. Anayetwambia jambo likiwa baya, na likiwa zuri atatwambia." Wakacheka, wakanyoosha mikono. Ndugu Mabula akahesabu kwa taratibu yake, akasema imepita. Ving'olewe vyote, akaamua, vipangwe kwenye mawe mwisho wa shamba pasipolimika. "Ndugu hafukuzwi," alisema. "Hupewa mahali anapoweza kukaa."

Mahame

Karanga zilipandwa siku iliyofuata, nami nilichimba mashimo hadi mgongo ukakataa. Asubuhi ya tatu Tatu alinigusa bega.

"Huo wa chungu ni wa nani?"

"Wangu. Wako, ukiutaka."

"Uchukue, twende."

Tulitembea hadi jua likawa utosini, kwenye njia iliyoanza kumezwa na nyasi, mpaka tukafika mahame ya makazi yao ya zamani. Kuta zilikuwa zimeanguka, paa la jikoni limekaa chini kama kofia. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la shemeji Athumani, rundo la mawe tu, na magugu yamelizunguka.

"Tangu tuhame nimekuja mara mbili," Tatu akasema. "Mara ya kwanza nilipanda maua. Nilipokuja tena yalikuwa majivu. Nani angeyapa maji? Sote tuko Amkeni." Akang'oa magugu kwa mkono mmoja, kwa nguvu. "Barua ilisema huu hautaki maji?"

"Hautaki."

"Wala udongo?"

"Mawe yanautosha."

"Wala mtu?"

Nikatikisa kichwa.

Tulisogeza mawe mawili upande wa kichwani, tukauingiza kwenye ufa, tukaushindilia kwa changarawe. Ulikaa sawa mara moja, kama mtu aliyefika kwao baada ya miaka tisa ya kulazwa kitandani na kuvishwa kanga. Tatu alimsomea mumewe Fatiha, nami nikaitikia. Kisha nikafanya nililolifanya kila siku asubuhi na jioni bila kufikiri: nikachukua kibuyu chetu cha maji ya kunywa, nikakiinamisha.

Tatu alinidaka mkono. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Masudi," akasema, "kunywa wewe."